Hakuna Aliyekata Simu

Ndugu msomaji, nilimwambia mtu kwamba kwao kumekuwa salama. Akaniamini, akaenda. Hajarudi. Kosa ni langu, na ninaliandika nikiwa na hasira, kwa hiyo usitegemee maneno laini.

Sehemu kubwa ya hasira hiyo ninajielekezea mwenyewe. Iliyobaki nitawagawia wanaostahili, kila mmoja nikimfikia.

Jina sitakupa. Jua tu kwamba mimi ni mama wa makamo, Mwislamu, nilizaliwa Jinja na nimeolewa Mbale. Shule niliishia sinia ya pili, yaani kidato cha pili. Ninachojua zaidi ya hapo nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vikuukuu vinavyouzwa kwenye baraza za maduka ya Wahindi pale Jinja, vingi vikiwa bado na mihuri ya shule vilikotoka.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Mbale, kwenye duka la jumla la nafaka. Pale nilijifunza kutumia bambo, kile chuma kirefu chenye ncha na mfereji ambacho ukikidunga kwenye gunia kinatoka na punje chache. Kwa punje hizo unalijua gunia zima. Wauzaji wajanja huweka maharagwe mazuri juu na yaliyobunguliwa chini, kwa hiyo mimi nilidunga juu, nikadunga ubavuni, nikadunga chini. Hakuna aliyeniweza. Miaka mingi baadaye, nilipokutana na vitabu vya takwimu, niliona ni bambo lile lile, limevaa suti.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Kampuni moja ya kura za maoni ilipofungua ofisi Jinja, ghorofani juu ya duka la magodoro, niliomba kazi bila cheti hata kimoja. Walinipa mtihani, nikafaulu, wakanifanya msimamizi wa ubora. Siku za kazi nililala Jinja kwa dada yangu. Mwisho wa wiki nilirudi Mbale kwa mume wangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wahoji wetu walipiga simu mashariki ya Kongo, kwenye miji yenye vita, wakauliza watu maswali kwa Kiswahili. Unajiona salama unapoishi? Unawaamini wanaoutawala mji wako? Ungemshauri ndugu yako aliyekimbia arudi nyumbani? Majibu yalikwenda kwa wakubwa wanaoamua msaada upelekwe wapi, na wakimbizi gani waambiwe kwao kumetulia. Kila simu ilirekodiwa. Mimi nilisikiliza rekodi na kuamua ipi ihesabiwe na ipi itupwe.

Sasa fikiri nami. Kiswahili chepesi utakipata wapi Jinja? Watu wa kwetu huongea Lusoga nyumbani, Luganda sokoni, Kiingereza ofisini. Kiswahili wengi wanakijua kama lugha ya jeshi, wakikisikia wanakaa wima. Wanaokiongea bila kutafuta maneno ni sisi Waislamu, Wakenya, na watu wa kambi za jeshi. Kampuni ilipotangaza nafasi, ofisi ilijaa watu kutoka Kimaka, kambi ya jeshi ya pale Jinja: wanajeshi wastaafu, wajane wao, watoto wao waliokulia kwenye nyumba za jeshi.

Mmoja wao, sajini mstaafu, sote tulimwita Afande. Alikuwa mtu mpole. Alikuja na mihogo ya kuchemsha kwenye mkebe na kutugawia kabla hajala yeye. Lakini akishika simu mgongo ulinyooka, na sauti ikatoka mahali pengine kabisa. Jambo. Jina? Uko wapi sasa hivi? Uko na nani hapo?

Swali hilo la mwisho nililiweka mimi! Nilikuwa nimesoma kwamba anayehojiwa asiwe na mtu pembeni, ili aseme kwa uhuru. Nikaona nimewalinda watu. Nikajipongeza.

Wahoji wengine walikatiwa simu mchana kutwa. Dada mmoja wa Kikenya alitukanwa kwa namna ambazo alitusimulia wakati wa chakula, tukacheka. Afande hakukatiwa. Hakuna aliyemwambia hajui. Hakuna aliyemwambia nina kazi, niache. Wenzake walimtania kwamba akimpigia marehemu, marehemu atajibu maswali yote na kushukuru. Naye aliendelea kumenya mhogo wake, akasema, "Marehemu ana nidhamu kuliko nyinyi."

Na mimi, bingwa wa bambo, nilifanya nini? Nilimsifu!

Vitabu vinasema wanaokataa kujibu huharibu kura ya maoni, kwa sababu huwezi kujua wangesema nini. Ni kweli. Mimi niliuchukua ukweli huo nikautengenezea upumbavu: nikaamini kwamba pasipo na anayekataa, majibu yote ni ya kweli. Nikawasikilizisha wahoji wote rekodi za Afande. Nikawaambia waige sauti ile, mpangilio ule, ufupi ule. Aliyekatiwa simu nilimwita pembeni na kumkaripia.

Wakaiga. Simu zikaacha kukatwa. Majibu nayo yakanyooka. Tuko salama. Tunawaamini wanaotutawala. Ndugu zetu warudi. Mji mmoja hasa, ambao sitautaja, ulijibu hivyo karibu wote.

Niliweka na kanuni nyingine, ili ukaguzi uende haraka. Mkaguzi wa rekodi, mimi au wasaidizi wangu, asikilize mpaka mhoji aseme asante, kisha ahamie rekodi nyingine. Baada ya asante hakuna jibu, nilisema, kwa hiyo hakuna kazi. Tafadhali ikumbuke kanuni hiyo.

Twende Mbale sasa. Majirani zetu, ukuta kwa ukuta, walikuwa familia kutoka mji huo huo. Mama Riziki ni mshonaji. Mumewe, Baba Riziki, alikuwa seremala, na wakati huo alikuwa akinitengenezea rafu ya vitabu, maana vyangu vilikuwa kwenye maboksi na mchwa walishavigundua. Walikuwa wamekimbia wakamwacha kule mama yake Baba Riziki, mzee asiyeweza kutembea safari ndefu. Kaka yake, aliyebaki na mama huyo, alipiga simu mara kwa mara, kila mara akisema wako sawa. Baba Riziki hakumwamini. Alisema kaka yake husema yuko sawa hata akiwa kitandani na malaria.

Jumamosi moja alikuwa uani kwetu anapima ubao. Mkewe alikuwa amekuja kuniletea gauni, ameketi mlangoni. Baba Riziki akaweka penseli sikioni, akaniuliza, kwa Kiswahili cha kwao, lile alilokuwa akilizunguka kwa wiki kadhaa.

"Mama, weye unahesabu maneno ya batu ya kwetu. Kaka yangu ni mtu moja, anaweza kunidanganya. Batu bote habawezi kudanganya pamoja. Niende nimuchukue mama, ao nibakie?"

"Mwambie abakie," Mama Riziki akasema. "Weye anakusikia."

Taratibu za kazi zilinitaka ninyamaze. Akili ya kawaida ilinitaka niseme sijui. Badala yake nilifungua darasa. Nilimweleza habari za bambo. Nilimwambia tumedunga juu, ubavuni na chini, na kwamba karibu kila mtu wa mji wao anasema ndugu warudi. Nilimwambia tulishawauliza mara mbili, na mara zote mbili wamejibu vile vile.

Akafikiri. Akasema madereva wanamwambia magari yanaingia mji ule matupu na kutoka yamejaa watu. Nikamjibu, na nilitabasamu nikimjibu, kwamba hayo ni maneno ya madereva, si takwimu.

"Mimi ningeenda, Baba Riziki," nikamwambia.

Mama Riziki aliinuka na kurudi kwake. Gauni alilisahau kwenye kiti.

Aliondoka kabla wiki haijaisha. Rafu ilibaki kwao, imepungukiwa ubao mmoja wa mwisho ambao alisema ataupigilia akirudi. Alimtumia mkewe ujumbe akiwa mpakani. Baada ya hapo kimya, halafu simu ya kaka yake, aliyesimuliwa na abiria wa gari lile. Kwenye kizuizi cha kuingilia mji, wenye bunduki walisimamisha gari na kumuuliza kila abiria ametoka wapi. Baba Riziki akasema Uganda. Wakamshusha. Dereva hakusubiri.

Hiyo ndiyo habari yote iliyopo mpaka leo. Hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna anayekiri kumwona tangu siku hiyo. Mama yake mzee bado yuko kule, na kaka yake bado husema wako sawa.

Jumatatu baada ya simu ile nilikwenda ofisini Jinja, nikakaa na rekodi za mji ule. Nilitaka kujua nimekosea wapi. Hesabu nilizirudia, zilikuwa sahihi. Watu tuliowapigia walichaguliwa vizuri, wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee. Ndipo nikafanya jambo nililokuwa nimewakataza wengine. Niliacha rekodi ziendelee baada ya asante.

Nyingi zilikatika hapo hapo. Baadhi hazikukatika. Afande alikuwa ameshavua vipokea sauti anaandika, yule wa upande wa pili ameweka simu chini bila kuizima, na mashine yetu inaendelea kurekodi.

Kwanza kimya. Kisha mlio wa sufuria. Kisha sauti ya mtu mzima ikauliza ni nani aliyepiga. Mwanamke ambaye dakika hiyo alikuwa amemwambia Afande kwamba yuko salama, anawaamini watawala na ndugu zake warudi, akajibu kwa sauti ya chini sana.

"Basoda. Banauliza niko na nani mu nyumba."

"Ulibaambia nini?"

"Nilibaambia tuko sawa. Nilibashukuru."

Basoda. Wanajeshi! Aliona namba ya Uganda, alisikia Kiswahili cha amri, alisikia swali langu la kumlinda, akajua ni wenye bunduki wanaohesabu watu wa nyumba yake. Kwake simu ile ilikuwa ukaguzi wa kijeshi, akaupita.

Nikaenda kwenye rekodi nyingine. Mwanamume mmoja, baada ya asante, anamwambia mtu kwamba ametaja jina la jirani aliyekufa. Katika nyingine mtoto anaanza kulia ghafla, kama aliyekuwa amezibwa mdomo. Nikarudi kwenye majibu yenyewe, sasa nikiyasikiliza vizuri. Yalikuwa ya haraka mno. Hakuna aliyepumzika kufikiri. Mtu ukimuuliza kama anawaamini wanaomtawala, hata hapa kwetu kwenye amani, kwanza anavuta pumzi!

Na kinachonichoma ndicho hiki. Nilikuwa nalijua jambo hili tangu utoto.

Nilikuwa msichana mdogo, zamani zile za utawala wa kijeshi. Baba yangu alikuwa akipeleka vitambaa Mbale, mimi nimekaa katikati, baina yake na dereva. Nje ya Jinja palikuwa na kizuizi. Askari aliingiza kichwa dirishani akamuuliza baba kwa Kiswahili, "Mzee, serikali unaionaje?" Baba akajibu, "Nzuri sana, afande. Tunashukuru." Askari akacheka, akachukua jora moja la kitambaa, akaturuhusu. Mkono wa baba ulikuwa juu ya goti langu, nao uliniminya mpaka nikaumia. Aliliachia tulipopita Iganga.

Hiyo ilikuwa kura ya maoni ya kwanza niliyoishuhudia. Mhoji hakukataliwa. Jibu lilipatikana haraka. Mtoto wa mtu yule akakua, akasoma vitabu, akajenga kizuizi kile kile kwa simu, akakiita ubora!

Nilimwita Afande nikamsikilizisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kusikia tena. Kisha akakunja waya wa vipokea sauti taratibu, kama mtu anayerudisha silaha.

"Madamu, niliongea naye kwa heshima."

"Najua, Afande."

"Kiswahili nilifundishwa na sajini, kwa fimbo. Sina kingine."

Hakuja kazini tena. Kwake sina hasira. Yeye alipewa kazi ya kupata majibu akayapata, na aliyempa kipaza sauti ni mimi.

Hasira yangu inakwenda kwa meneja. Kijana wa Kampala, msomi wa digrii mbili, ambaye hajawahi kukanyaga Kongo na hakijui Kiswahili cha kuombea maji. Nilimpelekea rekodi zile, nikamtafsiria, nikamsimulia na yaliyompata Baba Riziki. Nikamwomba tuiondoe ripoti, tuwaambie wateja kwamba majibu ya mji ule yametoka kwa watu walioogopa. Aliniacha nimalize, maana ana adabu.

"Tumeuliza mara mbili, jibu likawa moja," akasema. "Hiyo ndiyo maana ya kuaminika. Wewe mwenyewe ndiye uliyewafundisha wahoji hivyo, Madamu."

"Woga nao hutoa jibu moja kila ukiuuliza," nikamwambia.

Akasema rekodi chache haziwezi kuangusha kazi yote. Akasema mteja ameridhika. Halafu akauliza, kwa sauti ya kunihurumia, jirani yangu alijuaje matokeo kabla hayajatangazwa, na kama ningependa jambo hilo lijulikane pia.

Nikanyamaza. Liandike na hilo kwenye makosa yangu! Nilirudi kwenye kiti changu, nikaendelea kukagua simu mpaka mwisho wa mwezi, ndipo nikaacha kazi. Niliwaandikia wateja barua, nikajibiwa kwa heshima kwamba wamepokea maoni yangu. Ripoti bado ipo. Inasomwa. Mahali fulani mkubwa anamwambia mkimbizi kwamba watu wa kwao wenyewe wamesema kumetulia, na takwimu ni hizi hapa!

Maharagwe hayaogopi bambo. Ukiyadunga yanatoka yalivyo. Binadamu ukimdunga hutoa kile anachodhani kitakufanya uchomoe chuma chako uondoke. Jambo dogo hilo, ambalo baba yangu aliniandikia gotini, nilishindwa kuliweka kwenye hesabu.

Sisemi kura zote za maoni ni uongo. Zipo zinazofanywa na watu waangalifu, na nchi yenye vita inazihitaji kuliko nchi nyingine yoyote, kwa sababu huko hakuna njia nyingi za mtu mdogo kusikika. Lakini wewe unayesikia redioni kwamba wananchi wa mahali penye vita wameridhika, usikimbilie idadi ya waliohojiwa. Wingi wa watu walioogopa hauzai ukweli. Uliza aliyewauliza alisikika kama nani masikioni mwao. Uliza kama waliweza kukataa bila kuogopa kitakachofuata. Ukiambiwa kwamba hakuna aliyekata simu, hakuna aliyesema sijui, ifunge ripoti hiyo, kwa sababu penye vita anayekata simu amekujibu. Na majibu yakisema watu wamekaa kwa raha huku magari yanatoka yamejaa, waamini madereva. Mimi niliwadharau.

Wewe unayefanya kazi niliyoifanya, nakusihi usizime rekodi baada ya asante. Na usiwe na haraka ya kumshauri mtu aweke roho yake juu ya hesabu zako. Neno sijui lingenigharimu heshima ya jioni moja uani kwangu. Nililiona ghali!

Kwa Mama Riziki nilikwenda nikamweleza yote, na rekodi, na swali langu, na kizuizi cha baba. Hakuacha kukanyaga cherehani. Nilipomaliza alikata uzi kwa meno.

"Alikwenda juu ya kukuamini weye," akasema. Kisha akasogeza kitambaa, akaanza mshono mwingine.

Afadhali angenitukana. Kesho yake nilikuta ile rafu imeegemezwa mlangoni kwangu, bado haina ubao wa mwisho. Sijaweka kitabu hata kimoja juu yake.

Tunaishi bado ukuta kwa ukuta. Asubuhi akianika nguo mimi huwa nafagia, nami humsalimia, nikamuuliza wameamkaje. Hajawahi kukataa kunijibu. Hujibu upesi, bila kuvuta pumzi, bila kuinua macho kwenye kamba.

"Tuko sawa, Mama. Aksanti."